Langley Kumwoa Langley

Tangu nirudi, mnaniuliza swali moja tu. Kwa posho mill nikisubiri unga, kanisani, hata juzi matangani nikiwa nimeshika sahani: "Boni, ulimzuia Fred ama ulishindwa?" Nimechoka kuhadithia nusu nusu. Kaeni chini. Mambo ya tiketi na mihuri nitayaruka, maana hayana utamu, na mwenye haraka aende nyumbani kwake.

Mnajua kilichonipeleka. Fred, mdogo wangu, ni mlinzi wa ghala kule Jidda. Alikuwa amepata msichana Mkenya, Mercy, aliyeajiriwa kazi ya nyumba mji huo huo. Mama alifurahi, akaanza hata kupima majirani nani atamsindikiza kwenda kuposa. Halafu akauliza jina la baba wa msichana. Fred akamwambia: Langley.

Mama alikata simu. Kwetu Langley ni sisi. Hadithi yetu mmeisikia tangu mkiwa wadogo, na mimi ndiye niliyewasumbua nayo: babu alimfanyia kazi Bwana Langley, yule mzungu wa mahindi na ng'ombe huku juu ya Kitale, na Bwana akampenda mpaka akampa jina lake. Yeye peke yake, kwa heshima. Sasa Langley mwingine akitokea, atakuwa nani kama si damu? Babu naye, Mungu amrehemu, alikuwa na miguu iliyopenda kutembea. Na kuoa damu yako ni mwiko, hakuna mjadala.

Mama akanipigia mimi Riyadh, siku kumi kabla ya mkataba wangu kuisha. "Wewe ndiye mkubwa na baba yenu hayupo," akasema. "Pitia Jidda ukamwone huyo msichana kwa macho yako. Ukisema ni ndugu, ni ndugu, Fred amwache. Ukisema si ndugu, nitanyamaza." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hiyo ni kazi ya siku moja. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba naenda kuvunja uchumba.

Riyadh: Mwingereza aliyesubiriwa

Jina hili limenilisha, nisiwadanganye. Nilipokuwa natafuta kazi Nairobi, barua zangu zilijibiwa upesi kuliko za akina Wanyonyi, mpaka nifike mlangoni waione sura. Na nilipofika Riyadh miaka minne iliyopita, bosi alikuwa ameshawatangazia mashemeji zake kwamba analetewa dereva Mwingereza. Walikuja watatu kunitazama, kanzu zimepigwa pasi, kahawa imechemka. Nikaingia na begi langu. Bosi akachungulia nyuma yangu.

"Langley yuko wapi?"

"Ni mimi, bosi."

"La, la. Langley."

Nikatoa pasipoti. Akaisoma, akaniangalia, akaisoma tena, kisha akacheka mpaka akaketi. Kahawa nilipewa hata hivyo. Tangu siku hiyo kila akipata mgeni ananiita, "Langley, yalla, njoo wakuone!" Nami nilikuwa naenda nikitembea kwa madaha. Nifiche nini?

Siku ya Alhamisi, jua halijachomoza vizuri, alinishusha mwenyewe Batha, kwenye mabasi, akanikumbatia, akaniwekea mfuko wa tende mkononi. Batha saa hizo imeshajaa: huyu anauza soksi, huyu anakuuzia laini ya simu hujamwomba, na wapiga debe wanaita miji yote ya nchi kwa pumzi moja. Nikanywa chai ya maziwa na chapati ya Kihindi, nikamwambia mpiga debe mmoja, "Jidda." Akanisukuma ndani ya basi. Mimi si mtu wa kuuliza mara mbili, miaka minne naendesha gari mji huo. Nilikuwa nimeshavua viatu jirani yangu aliponiuliza kama nafanya kazi Dammam au naenda kutembea tu. Dammam, jamani! Upande wa pili wa nchi kabisa! Niliteremka na kiatu kimoja mkononi, na basi la Jidda nililipata likianza kusogea.

Jangwani: Ustadh na jina langu

Saa tano hivi baadaye kiyoyozi kilikufa, na dakika chache nyuma yake injini nayo ikakata kauli. Dereva akalisukuma basi kwa maombi mpaka kwenye kituo cha mafuta. Kulikuwa na msikiti mdogo, duka, na mkahawa mmoja, na pande zote nne mchanga tu. Tukaambiwa basi jingine linakuja baada ya nusu saa. Lilikuja baada ya saa nne.

Abiria wengi walikuwa wanakwenda umra. Saa ya chakula tuliketi watu sita kuzunguka sinia moja la wali wa kabsa na kuku, sote wageni kwa wenzetu. Mzee mmoja wa Kipakistani akaniombea safari yangu ya umra ikubaliwe. Nikaona nisikae kimya nikila baraka isiyo yangu. "Mimi ni Mkristo, haji," nikasema. Mikono yote ikasimama. Halafu mzee akaling'oa lile paja kubwa la kuku, akalisukuma mbele yangu, akasema, "Basi wewe una safari ndefu zaidi, kula." Tulicheka sana.

Aliyekaa kushoto kwangu alikuwa Msudani, mwalimu wa Kiingereza. Nitamwita Ustadh. Aliniuliza jina, nikampa lile la mwisho, kama kawaida yangu.

"Langley!" akasema. "Unajua maana yake?"

"Maana yake ni familia yetu."

Akacheka. Sikupenda alivyocheka. Akanieleza kwamba jina hilo tangu mwanzo halikuwa la mtu, lilikuwa la mahali. Kwa Kiingereza cha kale sehemu ya mbele ni urefu, na ya nyuma ni uwanja uliofyekwa katikati ya msitu. Uwanja mrefu msituni, basi. Na vijiji vya jina hilo, akasema, vimetawanyika Uingereza, kimoja huku, kingine kule. Mtu akihama kijiji, huko alikohamia wanamwita "yule wa Langley". Siku zikipita, "yule wa" inadondoka, linabaki Langley, watoto wanalirithi.

"Kwa hivyo wote ni ndugu," nikasema.

"Ndugu wapi! Huyu katoka kijiji hiki, yule kile, hawajawahi hata kusalimiana. Jina linakwambia babu alitoka wapi. Halikwambii alimzaa nani. Hata sisi tunafanya hivyo hivyo, mtu anaitwa kwa mji aliotoka."

Niliudhika, nasema kweli. Nimetoka Riyadh kesi yangu imekamilika, na mtu mwenye punje ya wali kwenye ndevu ananivurugia. Nikamwambia habari za Waingereza ni za Waingereza. Babu yangu hakutoka kijiji chochote cha Langley, alipewa jina mkono kwa mkono. Ustadh hakubisha. Aliniuliza tu, "Na wafanyakazi wengine wa shamba hilo, waliitwaje?"

Miaka arobaini na sita nimelibeba jina, na swali hilo halijawahi kunipita kichwani.

Tulipofika mji wa Taif, wale wa umra walishuka kubadilisha gari, na Ustadh miongoni mwao. Sisi tuliobaki tukazungushwa barabara ya nje, maana asiye Mwislamu hapiti Makka. Nilikuwa peke yangu kiti cha watu wawili, na swali la yule mwalimu lilikaa kile kingine.

Hindawiyah: kwa Kiarabu haihesabiki

Fred anakaa Hindawiyah, mtaa mkongwe katikati ya Jidda, chumba kimoja Wakenya sita. Joto la pale si la Riyadh. La Riyadh linakukausha, la Jidda linakuchemsha. Lakini niliingia nikakuta nini? Ugali na mrenda! Kumbe ile mulukhiya ya Waarabu ndiyo mrenda wetu wenyewe. Vijana wanainunua sokoni bei ya bure, wanaivuruga na magadi. Nilikula mpaka nikasahau nimekuja kugombana.

Fred hakusahau. Alinawa mikono, akasema, "Bro, nampenda Mercy. Ukisema hapana nitatii, lakini sitaoa mwingine." Fred mnamjua, si mtu wa maneno.

Nikamuuliza wanaonanaje, wakati wasichana wa kazi za nyumba hawatoki ovyo. Akaangalia sakafu.

"Madam wake ananifungulia geti kila Ijumaa baada ya alasiri. Tunakaa uani, yeye akiwa mlangoni. Aliona vitambulisho vyetu vya ukaazi, ikama, vyote viwili vimeandikwa Langley, akauliza kama mimi ni ndugu yake."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia ndiyo."

Niligonga meza, mboga ikaruka. "Fred! Umemwita mchumba wako dada? Kwa kinywa chako?"

"Kwa Kiarabu, bro. Kwa Kiarabu haihesabiki."

Wenzake watano wakaanguka kicheko. Mimi sikucheka. Kwetu nyinyi mnajua, ukishamtaja mtu kuwa dada mbele ya shahidi, umelifunga hilo jambo, na akilitaja mkubwa wako, limefungwa na kupigwa misumari. Nikamwambia tutaona kesho. Kwa hakika jina moja lilikuwa limemfungulia geti mwaka mzima, na jina hilo hilo ndilo nililokuja kumfungia nalo.

Aziziya: kibao cha mlangoni

Ijumaa tukaenda Aziziya, mitaa ya majumba yenye kuta ndefu. Getini palikuwa na kibao cha shaba, jina la familia: Bukhari. Nikalisoma, nikalipita.

Madam ni mama wa makamo anayeelekea uzeeni, mnene, mcheshi, mtandio umefungwa kwa haraka. Aliitazama ikama yangu kwa mkono ulionyooshwa mbali, akasoma "Langley", akafurahi. "Wewe ammi yake, baba mdogo! Karibu, karibu. Langley kabila kubwa!" Tukawekewa viti vya plastiki chini ya kibanda cha gari, naye akaketi mlangoni, geti wazi. Mercy akaleta kahawa na tende. Ni mrefu, mweusi mzuri, ana miaka thelathini hivi, na alinimiminia kahawa akinitazama usoni. Huyu haogopi watu, nikasema moyoni.

Nikamhoji kwa Kiswahili, uso wangu unatabasamu ili madam adhani tunaulizana habari za shambani.

"Mercy, babu yako ni nani?"

"Babu alikuwa mkamuaji shambani kwa Langley, shem. Kabla hajahamia Nakuru."

"Ukoo wake?"

"Baba alikufa nikiwa mdogo, mambo ya ukoo sikufundishwa. Lakini babu alizikwa kwao Amukura. Nilikwenda mazishi. Waliimba Kiteso siku tatu, sikuelewa neno."

Mteso! Nikaweka kikombe chini. "Na jina hili alilipata wapi?"

"Si kama wengine wote? Nyanya alikuwa akicheka sana juu ya hilo. Watoto wa shamba walipopelekwa shule, mwalimu aliuliza kila mmoja, wewe wa wapi? Wakajibu, wa kwa Langley. Akaandika Langley, Langley, Langley, daftari zima. Watoto wa wakamuaji, wa wapishi, wa mlinzi aliyeajiriwa jana yake. Nyinyi mlidhani mlipewa peke yenu?"

Jamani. Hakuna Bwana aliyempenda babu. Hakuna mkono kwa mkono. Kulikuwa na mwalimu mwenye haraka na watoto kwenye foleni, na baba yetu alikuwa mmoja wao. Miaka yote hiyo nimeringa kwa kitu walichopewa hata waliofika jana. Iliniuma, na inaniuma mpaka sasa ninavyowaambia.

Lakini nyuma ya uchungu huo ikaja furaha, na furaha yangu ina kelele, mnaijua. Mteso wa Amukura na sisi wa kabila jingine kabisa! Hakuna damu hapo, hata tone! Nikapiga paja, nikacheka kwa sauti.

"Kuna nini?" madam akauliza, naye akitaka kucheka.

Na mimi, mdomo wangu huu, macho yakaniangukia kwenye kile kibao cha geti. "Madam, wewe ni Bukhari. Jidda kuna Bukhari wangapi?"

"Oo, wengi! Wengi sana!"

"Wote ni ndugu zako?"

"La!" Akapunga mkono. "Ndugu mafi, hakuna. Babu yule alitoka Bukhara, babu huyu alitoka Bukhara, kila mtu na baba yake."

"Basi na Langley hivyo hivyo, madam! Jina la mahali tu!"

Akacheka, akapiga makofi, ameelewa kwa dakika moja kile nilichokataa kwa mwalimu jangwani. Fred alikuwa akinikanyaga mguu. Nilidhani ananipongeza.

Kicheko cha madam kikakoma. Akamnyooshea Fred kikombe. "Sasa huyu? Huyu si ndugu yake?"

Mercy alisimama na birika mkononi. Fred aliangalia chini. Hapo, wandugu, ndipo safari nzima ilipokaa. Ningeweza kusema ni ndugu, baba mmoja, mama mbali. Madam angerudi kwenye kicheko chake, na geti lingeendelea kufunguliwa. Lakini ningekuwa nimemtaja Mercy kuwa dada wa Fred, mimi mkubwa, mbele ya shahidi. Ningerudi kumwambia mama nini? Kwamba kwa Kiarabu haihesabiki? Na nikisema kweli, msichana huyu angeweza kupandishwa ndege kesho, mkataba haujaisha, kwa sababu ya mdomo wangu.

Nilimwangalia Mercy. Alitikisa kichwa kidogo sana. Hakuwa anakataa, alikuwa kama anasema, amua wewe, nimechoka kudanganya.

"Si ndugu yake, madam," nikasema. "Ni mchumba wake. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba yetu, na hivi sasa hapa nimekubali amwoe."

Madam alikunywa kahawa yake mpaka mwisho. "Mwaka mzima," akamwambia Mercy taratibu, "nakufungulia mlango wangu."

"Mimi ndiye niliyedanganya, madam," Mercy akasema. "Usimlaumu yeye. Ukinirudisha, nitaenda."

Madam akaweka kikombe kitupu chini. Akasema hatamrudisha, kwa kuwa watoto wa binti yake hawalali bila yeye. Lakini Fred halas, basi. Asikanyage uani mpaka aje na cheti cha ndoa. Na mkataba wa Mercy ulikuwa umebakisha miezi minane, bila likizo katikati.

Mercy alitusindikiza mpaka getini. Fred alitangulia, hakugeuka, na nilijua kwa nini hakugeuka.

"Shem," Mercy akaniambia, "umenipa mume na umeninyima kumwona, siku moja, kwa kinywa kimoja. Sijui nikushukuru ama nikutukane."

"Fanya vyote viwili."

Akanishukuru. Halafu, akimtabasamia madam aliyekuwa akitutazama, akanitukana kwa Kiswahili safi matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wamama. Nilitoka pale nikijua tumepata mke wa nyumba yetu.

Kitale: jibu la mama

Fred hakusema nami neno usiku ule wala asubuhi njiani kwenda uwanja wa ndege. Kwenye lango la abiria alinishika mkono kwa nguvu, akaondoka.

Mama alinisikiliza jikoni bila kuniingilia. Nilipofika kwenye yule mwalimu na daftari lake, aliacha kuchambua mboga.

"Hata wakamuaji?"

"Wote, mama."

"Hata wa jana yake?"

"Hata yeye."

Akakaa. Niliona limemuuma kuliko mimi, maana yeye aliolewa akaingia ndani ya jina hilo na akalitetea maisha yake yote. Kisha akavuta sufuria. "Basi babu zao walilima chini ya jua moja," akasema. "Aje. Na wewe utakwenda Amukura kuwatafuta watu wake, kwa kuwa wewe ndiye uliyesema."

Nitakwenda, sina wasiwasi, nitawapata. Kwa hivyo jibu lenu ndilo hilo: nilikwenda kumzuia, na nikakubali.

Lakini Fred alinipigia Ijumaa iliyopita, mara ya kwanza tangu uwanja wa ndege. Aliniambia kila Ijumaa baada ya alasiri anatembea kutoka Hindawiyah mpaka Aziziya, anapita upande wa pili wa barabara, ng'ambo ya ile nyumba. Saa hiyo hiyo Mercy anatoa mfuko wa taka. Anauweka kwenye pipa, anasimama kidogo, anarudi ndani na geti linafungwa. Hawasemezani, kwa sababu madam alisema halas na Mercy hataki kumdanganya tena.

"Leo mfuko ulikuwa mtupu, bro," Fred akaniambia. "Upepo uliupeperusha, akaukimbilia mpaka katikati ya barabara. Nilimwona karibu kabisa."